Nani Atampangia Mwandishi Foleni?

Wakenya ni mabingwa wa foleni. Tunapanga foleni ya matatu jioni, foleni ya benki mwisho wa mwezi, foleni ya kuteka maji pale mifereji inapokauka, na kila baada ya miaka mitano tunaamka alfajiri kupanga foleni ya kura. Hata hivyo, ipo foleni moja iliyo adimu kwetu, na uadimu wake unasema mengi kuhusu hali yetu kama taifa. Ni foleni ya wasomaji waliosimama katika duka la vitabu, kila mmoja na kitabu chake mkononi, wakisubiri kuonana na mtu aliyekiandika.

Katika makala haya nataka kudai kwamba foleni hiyo si anasa, wala si uigaji wa mambo ya Ulaya. Ni mojawapo ya njia chache zilizosalia ambazo kwazo jamii humtambua mwandishi wake kama mtu, na msomaji hujitambua kama raia mwenye neno la kusema. Pale inapokosekana, vitabu huendelea kuandikwa na hata kusomwa, lakini fasihi yenyewe hubaki bila uso.

Wasomaji ambao hawajawahi kuiona foleni ya aina hii wana haki ya kuelezwa ilivyo. Kwa kawaida huwa ni Jumamosi asubuhi. Rafu mbili tatu zimesukumwa kando, na meza ndogo imewekwa karibu na mlango. Juu ya meza pana rundo la vitabu, chupa ya maji na kalamu. Mwandishi anaketi, watu wanajipanga. Akifikiwa na msomaji, humuuliza swali lile lile: "Niandike kwa jina la nani?" Ajabu ni kwamba wengi hawataji majina yao. Mmoja hutaja jina la mama yake aliyeko kijijini, mwingine la binti aliye shule ya bweni, na mwingine la mwalimu aliyemfundisha Kiswahili miaka thelathini iliyopita. Kila mtu ana dakika moja au mbili. Wapo wanaozitumia kuuliza kwa nini mhusika fulani aliuawa. Wapo wanaozitumia kulalamika. Wapo wanaofika mezani wakapigwa na bumbuazi, wakaondoka na sahihi bila kusema neno lolote isipokuwa "Asante, Mwalimu."

Katika foleni hiyo hakuna mkubwa. Profesa husimama nyuma ya mwendesha bodaboda, na wakili nyuma ya mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kinachowapa wote nafasi ni kimoja tu, yaani kitabu walichokisoma. Kwa sababu hiyo naichukia desturi yetu ya kumwalika mgeni wa heshima katika hafla za namna hii. Mgeni huyo hufika saa mbili baada ya wakati uliotangazwa, huongozwa hadi mbele na walinzi wake, huhutubia kuhusu umuhimu wa kusoma, hupigwa picha akiwa ameshika kitabu ambacho hajakifungua, kisha huondoka. Wasomaji waliowahi mapema wanabaki wamesimama. Mahali pekee ambapo cheo hakikupaswa kuwa na maana, cheo hupewa kiti cha mbele.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Ni kweli kwamba historia yao ina mifano ya kusisimua. Mnamo Desemba 1867, Charles Dickens alipokwenda New York kusoma kazi zake hadharani, watu walilala nje kwenye baridi kali wakingoja tiketi, na walanguzi wakajitajirisha kwa kuziuza upya kwa bei ya juu. Lakini kukutana uso kwa uso na mtunzi hakukuletwa kwetu na meli ya Dickens. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki takriban mwaka 1840, hakuwa mtu wa mbali kwa hadhira yake. Alitunga kuhusu ugomvi wa Mombasa na watawala wa Busaidi, kuhusu jirani na mapenzi, kuhusu njaa na bei za vitu, na mashairi yake yakahifadhiwa vifuani mwa watu kwa miongo kadhaa kabla hayajakusanywa na kuandikwa. Wenzake waliweza kumjibu shairi kwa shairi. Mtunzi alipita njiani akasalimiwa, akakosolewa, akatakiwa afafanue. Kwa mizani hiyo, foleni ya dukani ni masalia tu ya baraza. Tulichopoteza ni kikubwa kuliko hiki tunachokiona kuwa kigeni.

Dola nayo imewahi kuelewa, pengine kuliko sisi wasomaji, kwamba mkutano wa kitabu na umma ni jambo zito. Ngũgĩ wa Thiong'o alipochapisha Matigari kwa Kigikuyu mwaka 1986, alisimulia baadaye kwamba maafisa wa usalama walisikia wananchi wakimzungumzia mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchini akiuliza habari za ukweli na haki, na amri ikatolewa akamatwe. Ilipobainika kwamba mtu huyo ni mhusika wa riwaya, kilichokamatwa ni kitabu. Mnamo 1987 nakala ziliondolewa madukani.

Mwaka uliofuata, 1988, serikali hiyo hiyo iliwalazimu wananchi kupanga foleni ya aina nyingine. Katika uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU, wapiga kura walitakiwa kujipanga hadharani nyuma ya wagombea au mawakala wao ili wahesabiwe. Wenye umri wangu hawajalisahau neno lenyewe: mlolongo. Tulishuhudia milolongo mifupi ikitangazwa kuishinda mirefu mchana kweupe. Mwaka mmoja dola inaondoa kitabu dukani, mwaka unaofuata inawapanga raia nyuma ya wanasiasa na kuwahesabu kwa uongo. Sioni kama mambo hayo mawili yalikuwa na mbali. Raia anayejipanga kwa hiari yake, akiwa na kitabu alichokichagua mwenyewe, ni kinyume kabisa cha raia aliyepangwa mgongoni mwa mtu ili aongezwe kwenye idadi. Ndiyo maana Ngũgĩ aliporejea mwaka 2004, baada ya miaka 22 uhamishoni, umati uliomlaki haukuwa wa mashabiki tu. Wengi walikuja kukiona kwa macho kile walichokuwa wamenyimwa.

Enzi hizo zimepita. Leo hakuna polisi wanaomzuia Mkenya kupanga foleni mbele ya mwandishi. Mbona basi foleni hazipo?

Kabla ya kulijibu swali hilo, sina budi kutaja kisa ambacho kila mpenzi wa Kiswahili nchini anakijua. Ken Walibora alikuwa mwandishi wa Kiswahili aliyesomwa mno katika kizazi chetu. Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, iliwafanya vijana wengi wampende Kongowea Mswahili kama ndugu yao. Kidagaa Kimemwozea ilitahiniwa katika shule za sekondari nchini kote. Alishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta zaidi ya mara moja, na kwa miaka kadhaa alisoma habari kwenye runinga. Mnamo Aprili 2020 aligongwa na matatu jijini Nairobi. Alifikishwa hospitalini bila jina lake kufahamika, na jamaa na marafiki wakamtafuta kwa siku kadhaa hadi mwili wake ulipopatikana katika hifadhi ya maiti ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Sisemi kwamba foleni ya dukani ingemwokoa. Majeruhi asiye na kitambulisho mfukoni anaweza kuwa mtu yeyote, na siku zile nchi nzima ilikuwa imegubikwa na hofu ya korona. Lakini taswira hiyo haijanitoka akilini: mtu ambaye jina lake lilikuwa midomoni mwa mamilioni ya wanafunzi, amelala katika jiji lililojaa wasomaji wake, akiwa hana jina. Habari zilipothibitishwa, mitandao ilifurika rambirambi. Watu waliandika jinsi Siku Njema ilivyowafunza kuipenda lugha, jinsi walivyoisoma usiku kwa mwanga wa koroboi. Niliposoma maneno yale nilijiuliza ni wangapi kati yetu waliopata kumwambia hayo akiwa hai. Foleni, kwa kweli, ni mahali pa kumwambia mtu maneno ambayo vinginevyo tutayaandika kwenye kitabu cha maombolezo.

Sasa turudi kwenye swali. Sababu ya kwanza ni kwamba kitabu kwetu humfikia msomaji kupitia mtihani. Mwanafunzi hakichagui, huchaguliwa. Hukisoma akitafuta maudhui, wahusika na mbinu za lugha, akijibu maswali ambayo mwandishi mwenyewe huenda angeshindwa kuyajibu. Mtihani ukiisha, kitabu huuzwa au hutupwa. Msomaji wa namna hiyo hana la kumwambia mwandishi isipokuwa kumwomba amdokezee swali litakalotoka. Nimehudhuria mikutano ya shule ambako mwandishi wa kitabu teule alialikwa, na maswali yote yakawa hayo. Mwandishi aligeuzwa mwongozo wa mtihani unaotembea.

Sababu ya pili ni duka lenyewe. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 iliviingiza vitabu miongoni mwa bidhaa zinazotozwa asilimia 16. Kisha, kuanzia 2018, Wizara ya Elimu ikaanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvisambaza shuleni. Mgala muue na haki umpe: mpango huo uliwapatia watoto wengi vitabu ambavyo wazazi wao wasingevimudu, na uliziba mianya ya ufisadi. Lakini ulimkata miguu muuza vitabu wa mji mdogo, ambaye faida ya vitabu vya shule ndiyo iliyomwezesha kuweka riwaya mbili tatu kwenye rafu. Penye duka lililogeuka kuwa la vifaa vya simu, hakuna meza ya mwandishi wala mlango wa kupangia foleni.

Sababu ya tatu inatuuma zaidi, nayo ni uharamia. Vitabu teule ndivyo vinavyolengwa na warudufishaji, kwa kuwa soko lake ni la uhakika. Waliosoma Kidagaa Kimemwozea wanakumbuka kwamba mswada wa Amani unaibwa na Mwalimu Majisifu, anayeuchapisha kwa jina lake. Haitakuwa ajabu ikiwa wapo waliokisoma kisa hicho cha wizi katika nakala ya wizi. Nimewahi kushuhudia mwanafunzi wa chuo akifika mezani kwa mwandishi na nakala ya barabarani, wino wake umefifia na kurasa za mwisho zimebandikwa kichwa chini. "Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "najua hii si halali. Nilikuwa na shilingi mia mbili tu." Foleni nzima ilinyamaza. Mwandishi aliigeuza nakala ile mikononi, akazitazama kurasa zilizopinduka, akatia sahihi. Kisha akamwambia, "Ukipata kazi, mwanangu, nunua moja halali umpe mdogo wako."

Wenzangu wengine waliona kwamba alikosea, kwamba sahihi ile iliuhalalisha wizi. Nawaelewa, maana mwandishi naye ana karo ya kulipa. Hata hivyo naegemea upande wake. Aliyemwibia ni yule mwenye mtambo wa kurudufisha, si kijana aliyekiri mbele ya watu. Na ni katika foleni tu ambapo kijana yule aliweza kugundua kwamba kitabu kina mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo ana macho yanayomtazama. Vibandiko vya usalama kwenye majalada havijafaulu kufundisha somo hilo.

Sababu ya nne ni kwamba tumezoea kungoja wageni watuambie ni nani mkubwa miongoni mwetu. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka baada ya Mapinduzi, akafundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent. Riwaya yake Paradise iliingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker mwaka 1994. Imejaa pwani yetu: misafara, wafanyabiashara, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la babake. Walakini ilibidi Oktoba 2021 ifike, atangazwe mshindi wa Tuzo ya Nobeli, ndipo wengi wa Afrika Mashariki waanze kuuliza vitabu vyake vinauzwa wapi. Tafsiri ya Kiswahili ya riwaya hiyo, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, ilitoka mwaka 2022. Miaka 28 ilipita kabla ya hadithi ya Waswahili kusomwa kwa Kiswahili. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumeipindua methali hiyo. Mchezaji wetu hutunzwa ugenini kwanza, ndipo nasi tukimbilie kupiga picha naye uwanja wa ndege.

Najua pingamizi litakalotolewa. Kitabu kizuri, wataniambia, hakihitaji uso wa mwandishi, na msomaji makini hukutana naye ukurasani. Foleni huzaa umashuhuri, nao umashuhuri huua fasihi, kwani watu huja kutafuta picha na sahihi, si mawazo. Pingamizi hili lina uzito. Nimewaona waliopanga foleni wakiwa bado hawajaondoa karatasi ya plastiki kwenye kitabu. Zaidi ya hayo, foleni ndefu za vitabu jijini Nairobi mara nyingi si za waandishi. Ni za wanasiasa wanaozindua tawasifu katika hoteli za kifahari, ambako makundi hujipanga ili yaonekane na mwenye hafla, na nakala hununuliwa kwa mamia na wanaotafuta zabuni. Huo nao ni mlolongo, tofauti ni kwamba umevalishwa suti.

Lakini dawa ya foleni mbovu si kukosa foleni. Anayesema kwamba ukurasa unatosha anazungumza kama mtu ambaye tayari ana maktaba nyumbani na marafiki wa kujadiliana nao. Kijana wa Kakamega au Lamu anayetamani kuandika hana hakika kwamba waandishi ni watu halisi. Anadhani huzaliwa ng'ambo au walikufa zamani. Dakika moja mbele ya meza, akimsikia mwandishi akikohoa, akimwona akisita jinsi ya kuandika jina lake, humfunza kwamba kazi hii hufanywa na binadamu, na kwa hiyo naye anaweza kuifanya. Hakuna mhadhara wangu hata mmoja uliowahi kufundisha jambo hilo kwa wepesi kiasi hicho.

Lipi lifanywe? Kwanza, Bunge liondoe kodi ya vitabu. Taifa linalodai kujenga uchumi wa maarifa haliwezi kukitoza kitabu kama linavyotoza marashi. Pili, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya inapoteua kitabu, mchapishaji, ambaye amehakikishiwa soko la kitaifa, atakiwe kumgharamia mwandishi akutane na wasomaji nje ya Nairobi, katika maduka na maktaba, bila dokezo lolote la mtihani. Tatu, Katiba ya 2010 iliweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Magavana wanaotumia mamilioni kwa matamasha ya muziki watenge japo siku nne kwa mwaka ambapo maktaba ya kaunti itampokea mwandishi mmoja, kwanza kabisa yule aliyezaliwa katika kaunti hiyo. Nne, maduka yaliyosalia, yakiwamo yale kama Nuria jijini Nairobi ambayo yamewafungulia mlango waandishi waliojichapishia, yaendelee kuandaa mikutano hii hata wanapofika watu kumi. Foleni ya watu kumi waliosoma ni bora kuliko ukumbi wa mia tano walioitwa. Tena katika hafla hizo wageni wa heshima wapange foleni kama wengine. Asiyekuwa na kitabu mkononi anunue.

La tano linatuhusu sisi wahadhiri. Tunafundisha fasihi kana kwamba waandishi wote ni marehemu. Tunawapa wanafunzi nadharia inayotangaza kifo cha mwandishi, ilhali mwandishi mwenyewe anaishi mtaa wa pili na hajawahi kualikwa chuoni. Wanafunzi wetu wanaweza kutaja wahakiki watano wa Ufaransa, lakini hawajui ni mwandishi gani wa Kiswahili anayefundisha katika shule iliyo ng'ambo ya barabara. Hilo halihitaji bajeti ya Hazina Kuu. Linahitaji barua ya mwaliko, nauli ya mgeni na chakula cha mchana.

Ndugu msomaji, huenda mjini kwako hakuna duka la vitabu, na huenda hutapata kuiona foleni niliyoieleza. Hata hivyo yupo mwandishi mmoja wa Kiswahili, aliye hai, ambaye kitabu chake kilikugusa. Mtafute. Mwandikie. Ukisikia atakuwa mahali fulani Jumamosi, nenda, nunua nakala halali, ujipange na ungoje zamu yako. Ukifika mezani usimwambie kwamba kitabu ni kizuri tu. Mwambie ni ukurasa upi, na ulikufanya nini. Tusingoje tangazo kutoka Stockholm, wala tangazo la kifo, ndipo tumtambue.